Njia Tambarare Si Njia Rahisi

Jumamosi moja asubuhi, tulipokuwa tumekaa juu ya mawe ya Capri Point, Mwanza, tukikausha miili baada ya kuogelea, kijana ninayefanya naye mazoezi alinisogezea simu yake nione mashindano matatu ya triathloni ya masafa marefu aliyoyachagua kati ya mengi. Yote yalikuwa nje ya Afrika, na yote yalisifiwa kwa jambo moja, kwamba njia yake ya baiskeli ni tambarare. "Kaka, nataka nianze na nyepesi. Milima tutaiona huko mbele," aliniambia. Nilimwelewa vizuri, kwa sababu uamuzi huo huo niliufanya mimi miaka kadhaa iliyopita, na gharama yake naikumbuka mpaka leo. Siku ile nilimjibu kwa maneno machache. Hapa nayaandika kwa kirefu, kwa kuwa naamini kabisa kwamba mtu aliyefanyia mazoezi yake kwenye vilima vya Mwanza, tena kwa baiskeli ya mtumba, akichagua njia tambarare anaiacha nyumbani silaha yake kubwa kuliko zote.

Umbali wa triathloni ndefu unafahamika: kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2, mfululizo, siku moja. Ndivyo ilivyokuwa Februari 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, walipoanza watu 15 na kumaliza 12. Kwa kuwa namba hizo ni zile zile kila uendako, mtu hudhani kwamba kinacholitofautisha shindano moja na jingine ni milima tu, na kwamba pasipo na mlima ndipo penye unafuu. Hapo ndipo wengi wetu tunapouvaa mkenge.

Shindano nililolichagua mimi lilikuwa la mwambao. Njia ya baiskeli ilikwenda na kurudi kandokando ya bahari, na jumla ya mwinuko katika kilomita zote 180 haikufika mita 400. Kilomita 60 za mwanzo zilikwenda vizuri kupita matarajio yangu. Zilipofika 90 ndipo nilipotambua jambo ambalo ramani haikunionyesha, kwamba tangu nianze sikuwa nimeacha kukanyaga hata mara moja. Huku kwetu, kila baada ya dakika chache kuna mteremko. Miguu inatulia, mgongo unanyooka, mtu anakunywa maji na kutafuna kitu. Kule hapakuwa na mteremko. Mkao ulikuwa mmoja, kiwiliwili kimelala mbele, na uzito wote umekaa pale pale kwenye siti saa baada ya saa. Kilomita ya 120 shingo iligoma. Nilipotaka kutazama mbele ilinibidi niinue kifua kizima, mikono imenyooka juu ya usukani, na kwa mkao huo nikawa kama mtumbwi uliotweka tanga kinyume cha upepo. Nilijikaza kisabuni nikamaliza sehemu ya baiskeli, lakini katika zile kilomita 42 za kukimbia nilitembea zaidi ya nusu. Pumzi nilikuwa nayo tele. Kiuno ndicho kilichokuwa kimekauka kama ubao.

Baadaye nilielewa kwamba tatizo halikuwa shingo peke yake. Mwendesha baiskeli akiwa kwenye tambarare, adui yake mkuu ni hewa, na hewa haisamehi: ukitaka kuongeza kasi maradufu, nguvu unayohitaji kuishinda huongezeka mara nane. Ndiyo maana kwenye njia za namna hiyo unawakuta watu wenye baiskeli zilizochongwa mahususi kuipasua hewa, magurudumu ya kaboni yenye rimu pana na kofia zenye mkia, na kila kimoja kati ya vitu hivyo kinawapunguzia kazi kwa saa tano au sita mfululizo. Mimi nilikuwa na baiskeli ya alumini niliyoinunua kwa mtu aliyeitumia kabla yangu. Kwenye mlima hesabu inabadilika. Mtu anayepanda kwa kilomita 10 kwa saa hewa haimbani sana. Kinachomrudisha nyuma ni uzito wake pamoja na wa baiskeli yake. Chukua mtu wa kilo 60 mwenye baiskeli ya kilo 10, umlinganishe na mwenzake wa uzito huo huo mwenye baiskeli ghali ya kilo 8. Tofauti yao ni kilo 2 katika 70, yaani chini ya asilimia 3. Mlimani, fedha haina sauti kubwa hivyo, na mwili mwembamba kama wa wengi wetu tuliokulia kwenye kukimbia ni mtaji.

Nikiwa kwenye barabara ya Usagara asubuhi huwa nawatazama wanaoleta mkaa mjini kwa baiskeli. Gunia mbili au tatu zimefungwa kwa mipira ya tyubu, baiskeli yenyewe ni ya chuma, haina gia hata moja. Anapokikaribia kilima, mwenye mzigo anaanza kuongeza mwendo mapema, tangu mteremko wa nyuma yake, anapanda mpaka pale anapojua kwamba nguvu ya miguu itaisha, kisha anashuka kabla baiskeli haijasimama na kuanza kuisukuma, bega likiwa limeegemea gunia. Hapotezi hatua. Hakuna anayemfundisha, anakijua kila kilima kwa mahali anaposhukia. Hiyo ndiyo elimu ya ardhi ninayoizungumzia, na mtu yeyote anayetaka kuchagua shindano anapaswa kuisoma ramani ya njia kwa jicho hilo.

Kwa maana jumla ya mwinuko peke yake inadanganya. Lanzarote, katika visiwa vya Canary, ina mita zipatazo 2,500 za kupanda katika kilomita 180, na Nice, Ufaransa, ambako ubingwa wa dunia wa wanaume ulifanyika mwaka 2023, inazikaribia. Ukizitazama kama namba, ni mashindano mapacha. Ukiitazama ardhi, Nice inakupeleka kwenye milima ya Alps yenye kupanda kurefu na kushuka kwenye kona nyingi, ilhali Lanzarote pamoja na milima yake inakupiga kwa upepo wa bahari usio na mahali pa kuukwepa. Mwinuko wa Mwanza ni wa aina nyingine kabisa. Kilima cha Bugando au cha Isamilo ni kikali, lakini kinaisha kabla hujafika dakika ya kumi. Anayejifunzia hapa ana miguu ya kupanda na kushuka mara mia, wala hana miguu ya kupanda saa nzima bila kupumzika. Njia yenye vilima vingi vifupi ni nyumbani kwake. Njia yenye mlima mmoja wa kilomita 20 lazima akaitafutie mazoezi mbali. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa mahali penyewe tunapafahamu, maana kila aliyepanda basi la kwenda Dodoma ameusikia mngurumo wa injini kwenye mlima Sekenke. Na kabla ya kwenda huko mwombe fundi akufungie nyuma gia nyepesi yenye meno 32, kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na meno 25, ambayo mlimani yanaua magoti.

Kwa ugumu, naona upepo unaizidi milima. Kona, mji wa Hawaii wenye historia ndefu ya ubingwa wa dunia wa triathloni, ambako kila mshiriki anaota kufika, haiogopwi kwa sababu ya vilima vyake. Inaogopwa kwa joto linalorudi kutoka kwenye miamba myeusi ya volkano na kwa upepo wa ubavuni unaoyumbisha watu njiani kuelekea mji mdogo wa Hawi. Mfano ninaoupenda zaidi ni Cozumel, kisiwa cha Mexico. Mwaka 2021 Kristian Blummenfelt wa Norway alimaliza pale kwa saa 7, dakika 21 na sekunde 12, na tangu hapo watu wanakiita kisiwa hicho mahali pa kasi. Kijana wangu alikuwa amekiweka namba moja. Nilimwonyesha mambo mawili: kwamba siku ile waogeleaji walisukumwa na mkondo wa bahari, na kwamba njia ya baiskeli inakizunguka kisiwa mara tatu, na kila mzunguko unapita upande wa mashariki ulio wazi kwa upepo. Anayeweza kupita pale kwa kasi ya bingwa anakaa kwenye upepo muda mfupi. Sisi tungekaa karibu mara mbili yake, jua likiwa limepanda na hewa imejaa unyevu wa pwani, ule ambao mtu wa Mwanza anaujua akishuka Dar es Salaam na kuona jasho halikauki.

Hata hivyo upepo ni somo ambalo tuna mahali pazuri pa kulisomea. Kila siku ya kiangazi, ardhi inapopata joto kuliko maji, hewa ya ziwani inaanza kuingia nchi kavu, na ikifika saa 8 mchana anayerudi mjini kutoka Usagara anaipokea usoni. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limetuongezea kilomita 3 hivi za upepo wa ubavuni bila mti wala nyumba ya kukinga. Ninashauri watu watoke mchana kwa makusudi angalau mara moja kwa wiki, badala ya kukimbilia alfajiri iliyotulia kila siku.

Kwa kuogelea mambo ni kinyume, alfajiri ndiyo yetu. Mzee mmoja mvuvi wa dagaa kwenye mwalo wa Kirumba, tulipomwamkia na kumwomba mtumbwi wake utusindikize, alitazama maji kwanza, kisha akasema, "Marahaba wanangu. Saa hizi ziwa limelala. Jua likipanda hamtalikuta hapa." Alikuwa sahihi, kufikia saa 4 mawimbi yalikuwa yanavunja juu ya vichwa vyetu kila tulipogeuza uso kuvuta hewa. Ziwa lina kichocho, na mamba wapo. Haifai kuogelea peke yako wala karibu na matete, na vipimo vya kichocho si vya kuahirisha. Lakini anayejifunza hapa anajifunza maji ya wazi yenye mawimbi mafupi, yasiyo na chumvi ya kumwinua. Akienda baharini atashangaa mwili unavyoelea. Akienda Roth, Ujerumani, ambako watu huogelea ndani ya mfereji uliotulia, ataona kama amepewa zawadi. Jambo la kuliepuka ni maji ya baridi. Norway kuna shindano la Norseman ambalo washiriki wanaruka kutoka kwenye kivuko na kuingia maji ya fiodi, yaani ghuba nyembamba ya bahari kati ya milima, yenye nyuzi joto 15 hivi, kisha siku inaishia juu ya mlima Gaustatoppen, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ninaliheshimu mno, lakini nguo ya mpira ya kuogelea inayokinga baridi ni kitu cha kuzoewa kwa miezi, na ziwa letu halina baridi ya kuizoelea.

Kuhusu kukimbia sina mengi. Ardhi ya marathoni ina uzito, ila nimekwisha kuona mara nyingi kwamba kilomita 42 zinaamuliwa na hali aliyoshuka nayo mtu kwenye baiskeli.

Wapo wanaostahili kuchagua tambarare, na sitaki niwaonee. Mtu mwenye mwili mkubwa na misuli mizito ataumia mlimani bila sababu, na mwenye baiskeli nzuri aliyezoea kulala mbele kwa saa nyingi ana haki ya kuitumia. Tena kuna muda wa ukomo. Mashindano mengi ya umbali huu yanampa mtu saa 17, na kwa kawaida anatakiwa awe ameshuka kwenye baiskeli ndani ya saa 10 na nusu tangu aanze. Ukitumia saa moja na nusu majini na dakika 10 kubadilisha nguo, zinabaki saa 8 na dakika 50 za kilomita 180, yaani wastani wa zaidi kidogo ya kilomita 20 kwa saa. Asiyeweza kuushika wastani huo kwenye vilima vya hapa nyumbani asiende Lanzarote. Lakini hata yeye tambarare haitamponya, kwa sababu kinachomkosesha muda ni mazoezi.

Baadaye nilimweleza kijana wangu yote haya, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni lipi basi lililo karibu na ardhi yetu. Nilimtajia mawili. La kwanza ni la nusu ya umbali, Rubavu nchini Rwanda, ambako watu huogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, maji yasiyo na chumvi kama yetu, katika nchi ya vilima inayofikika kwa basi kupitia Rusumo. La pili ni la umbali kamili, Gqeberha nchini Afrika Kusini, mji unaojulikana kwa upepo wake, ambako kuogelea ni katika Bahari ya Hindi. Amechagua Rubavu kwanza, na nimefurahi. Mwezi ujao tutaweka baiskeli zetu kwenye buti la basi, tushuke Shelui kabla jua halijawa kali, na tuupande mlima Sekenke mara tatu.