Goti Bandia: Mguu Unyooshwe au Uachiwe Matege Yake?

Kwa zaidi ya miaka 40 madaktari wa mifupa wamefundishwa kwamba mguu ukiwekwa goti bandia lazima utoke umenyooka. Mstari unaoanzia katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, pale nyongani, hadi katikati ya kifundo cha mguu upite katikati ya goti, na ukikosea usizidi nyuzi 3 huku au kule. Daktari John Insall wa New York ni miongoni mwa walioueneza msimamo huo, na hakuutoa hewani. Magoti bandia ya mwanzo yalilegea mapema. Uzito ukielemea upande mmoja, plastiki iliyo kati ya vyuma ililika na chuma kikang'oka.

Tatizo ni kwamba miguu ya watu haikuumbwa kwa pimamaji. Kwa wengi wetu sehemu ya juu ya muundi imeinamia ndani kwa takriban nyuzi 3. Daktari akiikata kwa nyuzi 90 kamili, anaondoa mfupa mwingi zaidi upande wa nje. Kisha anachomeka kipimo cha nafasi kati ya mifupa, ananyoosha mguu na kuusukuma kushoto na kulia: upande wa nje unafunguka, wa ndani umekaza. Ili mambo yalingane, inabidi ligamenti ya ndani, yaani kano inayounganisha mfupa na mfupa, ilegezwe, ama kwa kuitobolea vitundu vya sindano, ama kwa kuibandua mfupani kidogo kidogo. Mfupa ulikatwa kwa nyuzi na milimita, lakini ligamenti inalegezwa kwa kutegemea mkono wa daktari unavyohisi. Akipitiliza, kilichobaki ni kuweka plastiki nene zaidi au goti lenye kujishikilia lenyewe. Na hata likitulia likiwa limenyooka, laweza kuyumba likikunjwa, na mwenye goti akalijua hilo siku anaposhuka ngazi.

Mwaka 2006 daktari Stephen Howell wa California alianza kufanya kinyume. Unaondoa mfupa wenye unene sawa na kifaa unachoweka, ukihesabu gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) iliyokwisha lika na upana wa msumeno. Ligamenti huigusi. Mgonjwa anarudishiwa mguu aliokuwa nao kabla ya goti kuharibika, na kama ulikuwa na matege kidogo, basi matege hayo yanarudi. Utafiti wa Bellemans na wenzake wa Ubelgiji, uliotoka 2012, ulimpa nguvu: katika vijana 250 wasio na maumivu, asilimia 32 ya wanaume na 17 ya wanawake walikuwa na matege ya nyuzi 3 au zaidi. Hao tukiwanyoosha, tunawapa mguu ambao hawajawahi kuwa nao.

Hoja hiyo inanivutia, ila ina mpaka. Mtu aliyepata matege makali utotoni kwa kukosa vitamini D, au aliyevunjika muundi ukaunga vibaya, hana "mguu wa asili" wa kurudishiwa. Ukimfuatisha unamrudishia ugonjwa wake. Wanaotetea mguu ulionyooka wana haki pia ya kuuliza plastiki itafikaje miaka 20 chini ya mzigo ulioelemea ndani. Utafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani wa 2010, wa magoti 398, haukuona kwamba yale yaliyonyooka yalidumu kuliko mengine kufikia miaka 15. Lakini yale mengine yalipinda kwa bahati mbaya, hayakupangwa yapinde, kwa hiyo sioni kama ushahidi huo unamaliza kesi. Majaribio nayo yamegawanyika: la Dossett wa Marekani, 2014, liliona wagonjwa wa njia ya Howell wakiwa na nafuu zaidi baada ya miaka 2, la Young wa New Zealand, 2017, halikuona tofauti.

Binafsi naegemea kwa daktari Pascal-André Vendittoli wa Montreal: fuata umbile la mtu, lakini kila mfupa usikatwe kwa kuinama zaidi ya nyuzi 5 na mguu mzima usipinde zaidi ya nyuzi 3. Anayevuka hapo anarekebishwa kidogo tu, na ligamenti haziteseki sana. Roboti inasaidia kupima nafasi kabla ya msumeno kugusa mfupa, ila lengo inapewa na daktari. Bila roboti bado kazi inawezekana, mradi eksirei ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo. Picha ya goti peke yake haionyeshi nyonga wala kifundo, na bila viwili hivyo mstari wenyewe haupimiki.