Ukienda Indonesia, anzia mgahawa wa Kipadang

Mgeni akishuka Jakarta au Yogyakarta, wenyeji wa hoteli yake humwelekeza kwenye mgahawa wenye menyu ya Kiingereza na picha za vyakula. Mimi nasema aupite. Aendelee kutembea mpaka aone kabati la kioo linalotazama barabarani, limejaa sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mara nyingi paa lenye ncha zilizopinda kwenda juu mithili ya pembe za nyati. Hiyo ni rumah makan Padang, mgahawa wa Waminangkabau, kabila la jimbo la Sumatra Magharibi, ambako mji mkuu ni Padang. Sijaona aina nyingine ya mgahawa inayomwamini mgeni kiasi hiki.

Ukiingia kwenye ile inayofuata utaratibu wa hidang, huulizwi unataka nini. Unakaa, na kabla hujatulia kwenye kiti mhudumu ameshafika, mkono mmoja umebeba sahani tangu kiganjani mpaka karibu na bega, zimeegemeana, na hakuna inayomwaga mchuzi. Anaziteremsha kwa mkono wa pili mpaka meza inafunikwa: nyama, kuku, samaki wa mchuzi, maini, ubongo wa ng'ombe kwenye tui la manjano, kongoro, fenesi bichi lililopikwa kama mboga. Unakula unachopenda. Ukimaliza, anarudi, anatazama kilichopungua na kukupigia hesabu hapo hapo. Sahani ilikuwa na vipande viwili vya nyama, umekula kimoja, unalipia kimoja. Ambayo hukuigusa inarudi kabatini.

Wapo wasafiri wanaokereka na hilo la sahani kurudi. Nawaelewa, ila nadhani wanapoteza kitu kikubwa kwa hofu ndogo. Adabu ya meza inalinda: unachota kwa kijiko, unaweka kwenye wali wako, mkono unaotumia kula hauingii sahani ya pamoja. Asiyeridhika aende kabatini, aonyeshe kidole anachotaka, apakuliwe kwenye sahani moja pamoja na wali. Ni rahisi zaidi kwa mfuko pia, na ndivyo wanavyokula wafanyakazi wengi mchana. Lakini mara ya kwanza, hasa mkiwa watu watatu au wanne, kaeni mletewe vyote.

Rendang isikupite. Mwaka 2011 wasomaji wa CNN waliipigia kura wakaiweka kileleni mwa vyakula vya dunia, na kwangu mimi hawakukosea. Ni nyama ya ng'ombe inayopikwa kwa saa kadhaa kwenye tui zito lenye pilipili, vitunguu, thomu, tangawizi, khulinjani, mchaichai na jani la mmanjano. Mwanzoni huwa mchuzi mwembamba. Tui likipungua na kuwa rojo la kahawia, hapo kwa lugha yao inaitwa kalio, na migahawa mingi nje ya Sumatra huishia hapo na kuiita rendang. Yenyewe hasa huendelea motoni: tui linatoa mafuta, nyama inakaangika humo humo huku mpishi akigeuza taratibu isiungue, mpaka viungo vinaganda kwenye kila kipande, vyeusi na vikavu. Ikifikia hapo hukaa siku nyingi bila jokofu. Ndiyo maana ni chakula cha safari.

Na Waminangkabau ni watu wa safari. Kwao nyumba ya ukoo na mashamba ya mpunga hurithiwa upande wa mama, kwenda kwa mabinti, na kijana wa kiume hutarajiwa kutoka akatafute maisha ugenini. Desturi hiyo wanaiita merantau. Wengi waliotoka walifungua migahawa, na leo ni vigumu kukuta mji wa Indonesia usio na mmoja. Hata kisiwani Bali, ambako wengi ni Wahindu na nguruwe hupikwa sana, Mwislamu anayetafuta chakula cha halali hahangaiki akishaona neno Padang mlangoni.

Kwa mtu wa pwani yetu kuna furaha ya peke yake. Majani ya muhogo yapo karibu kila meza, ila hayatwangwi kama kisamvu. Jani linaachwa zima, linachemshwa hadi lilainike, ukilitia mdomoni unausikia uchungu wake kidogo, kisha linakuja rojo la rendang na pilipili za kijani zilizopondwa nusunusu. Nimelipenda kuliko nilivyotarajia, na namshauri kila mla kisamvu akilionja asikimbilie kulinganisha. Wali ni mweupe, hauna nazi wala chumvi, kwa sababu mchuzi ndio unaobeba kila kitu.

Kula kwa mkono wa kulia. Kijiko na uma vipo, hakuna atakayekushangaa, lakini vyakula hivi vimetengenezwa kwa vidole: mfupa wa samaki unautambua kabla haujafika kooni, na wali unaushika pamoja na mchuzi kwa kiasi unachotaka. Bakuli dogo la maji, mara nyingi lenye kipande cha ndimu, ni la kunawia.

Tena usisubiri usiku. Vyungu hupikwa asubuhi na sahani hukaa kabatini siku nzima bila kupashwa moto, kinachokuja kikifuka mvuke ni wali tu. Nenda mchana, wakati watu wa maofisini wamejaa na sahani zinapishana. Saa hizo utaipata ayam pop ikiwa bado laini, yule kuku mweupe aliyechemshwa kwenye maji ya nazi na thomu kisha akapitishwa kwenye mafuta kwa muda mfupi. Rendang unaweza kuifuata hata saa mbili usiku. Ayam pop, saa hizo, huenda imeshakwisha.