Marikiti ya Darajani: samaki watoke au wabakie?

Wako wanaosema samaki na nyama waondolewe Marikiti ya Darajani, soko la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukumbi utengenezwe vizuri, upangwe viungo, vikoi na mikahawa. Na wako wanaosema marikiti bila ya samaki ni jina tu. Mabishano haya nimeyasikia barazani kwa muda mrefu, na kila upande una neno ambalo mwengine hajalijibu. Lakini tukibishana tunazungumza biashara tu, jengo lenyewe tunalisahau. Nataka nianzie hapo.

Jengo ni la 1904, zama za Sultani Ali bin Hamoud, na ramani yake ilichorwa na Bomanji Maneckji, mhandisi wa Kiparsi. Kwenye karatasi za serikali liliitwa Estella Market. Mjini halikuitwa hivyo. Liliitwa marikiti, na mahali palikuwa na jina lake tayari, Darajani, kwa lile daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili. Bahari hiyo ilifukiwa kidogo kidogo, ikamalizika 1957, na leo panapita barabara ya Benjamin Mkapa. Anayezaliwa sasa hana pa kuliona daraja. Lakini ukilijua ndiyo unafahamu kwa nini jengo liko pale. Halikuwekwa Forodhani mbele ya makasri, wala halikufichwa ndani ya vichochoro vya Sokomuhogo. Liliwekwa ukingoni, mlangoni pa Ng'ambo, ili aliyetoka shamba na ndizi zake na aliyetoka Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, na kikapu chake wakutane njia nusu.

Na umbo lake pia lina maneno. Majumba mengi ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila ya kupinda, na ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba: mti ndio uliotoa kipimo. Marikiti haikuweza kujengwa kwa kipimo hicho. Watu mia kadhaa, nyama imetundikwa, samaki wamelazwa, joto la Januari: hapo panatakiwa upana, na paa la mgongo lililo juu ili hewa ya joto ipande na upepo wa bahari upite chini. Miaka minne baadaye, 1908, Mahakama Kuu ya Vuga iliyobuniwa na John Sinclair ilivishwa quba ili mtu aitazame kwa haiba. Marikiti haikutafutiwa haiba. Uzuri wake wote uko kwenye kazi inayofanyika ndani, na kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu.

Wanaotaka samaki watoke wana hoja nzito, na si haki kuwaita maadui wa Mji Mkongwe. Sensa ya 1910 ilihesabu watu wasiofika laki mbili kwa Unguja na Pemba pamoja. Sensa ya 2022 imehesabu 893,169 kwa Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Ukumbi ni ule ule. Msongamano wa hapo asubuhi, magari ya mizigo, daladala, hamali na mikokoteni, kila anayepita anaujua. Kisha kuna maji. Samaki huoshwa, meza huoshwa, sakafu huoshwa, kila siku, na maji yale yana chumvi na damu. Jiwe la matumbawe linakunywa maji kama sifongo; chumvi ikipanda ukutani na kukauka, huivua lipu kutoka ndani. Anayesema kwamba biashara yenyewe inalila jengo hasemi uongo. Na wana mfano wao mzuri: Dispensari ya Ithnashiri pale Mizingani, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, ambayo ilikuwa imechakaa vibaya hadi Taasisi ya Aga Khan ilipoitengeneza miaka ya tisini. Kazi yake ya tiba haikurudi, lakini roshani zake za mbao ziko, na zinavutia.

Upande wa pili nao haujibiki kwa urahisi. Beit al Ajaib, jumba la kifalme la 1883 pale Forodhani, lilikuwa makumbusho, heshima iliyoje. Likafungwa kwa uchakavu, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua watu. Sisemi liliporomoka kwa kukosa wachuuzi. Nasema cheo cha urithi peke yake hakishikilii ukuta. Mambo Msiige, jumba la kale la Shangani, imekuwa sehemu ya hoteli; mawe yamepona, lakini wangapi miongoni mwetu wameingia tangu hapo? Marikiti ni katika majumba machache ya kale ambayo mama wa Kwahani, huko Ng'ambo, huingia bila ya kuulizwa anataka nini. Bibi yangu alikuwa haondoki pale mpaka afunue matamvua ya changu watatu wanne, na muuzaji wake alimjua hata akiba ya kikapu chake. UNESCO ilipouorodhesha Mji Mkongwe mwaka 2000 iliutazama kama mji wa biashara wa Waswahili, mahali watu wa pwani mbali mbali walipochanganyika. Mchanganyiko huo ukiondoka, paa jekundu la Marikiti litabaki kutupa picha za kadi tu.

Mimi nipo na wanaotaka samaki wabakie, ila si kwa hali ya sasa. Biashara ya jumla na mnada unaoleta gari nzito vina mahali pake panapofaa zaidi, karibu na diko, ambako samaki wanashuka. Rejareja ibakie Darajani: mtu na kilo yake ya jodari, au fungu lake la dagaa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana uzito unaoulemea ukumbi unatokana na jumla.

Na matengenezo yakija, yasije na saruji. Nimeona jengo moja hapa mjini likipakwa saruji juu ya matumbawe, likapendeza mwaka mmoja, wa pili lipu ikaanza kuvimba. Saruji inafungia maji ndani ya ukuta. Chokaa inayaacha yatoke. Chokaa inataka mafundi, na mafundi wake si wengi tena, kwa hiyo kazi ya Marikiti ingekuwa pia skuli ya kuwafundisha vijana. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, ina wajibu wa kulisimamia hilo, na wachuuzi waitwe mezani kabla ya ramani kuchorwa. Wao wanajua maji yanatuama kona gani.

Kazi ya mwanzo kwangu ni mitaro ya sakafuni. Maji ya samaki yakipata njia yao, yasiuguse ukuta, nusu ya hoja ya wanaotaka kuhamisha itapungua nguvu kabla hata ya Masika.