Mchango wa harusi tunatoa, wa muziki je?

Kama kuna bendi ya huku Berlin ambayo natamani wasanii wa Dar waifahamu, ni Einstürzende Neubauten. Kwa wengi ni makelele tu. Ilianza tarehe 1 Aprili 1980, Berlin Magharibi, vijana wasio na hela wakigonga vyuma chakavu, mabati na springi, wakichanganya na mashine za kutobolea. Albamu yao ya kwanza, Kollaps, ya 1981, ni chuma juu ya chuma, na mwimbaji wao, Blixa Bargeld, anapiga mayowe katikati. London, mwaka 1984, jukwaa lenyewe walilitoboa hadi wenye ukumbi wakakatisha onyesho. Depeche Mode, bendi ya Uingereza, waliwasikia, nao wakarekodi milio ya vyuma.

Aliyekulia jirani na mafundi vyuma wa mtaa wa Gerezani, Dar, hawezi kushangazwa na sauti hiyo. Na singeli, muziki wetu wa kasi wa Dar, imezaliwa katika dhiki ileile: chumba kimoja Manzese, kompyuta chakavu, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kipaji na ujasiri tunavyo.

Wenzetu walipata muda. Berlin Magharibi kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, na vijana wake hawakuitwa jeshini. Mtu aliweza kugonga bati miaka mitano bila kuulizwa atakua lini. Kwetu wimbo usipopigwa redioni miezi michache, msanii anarudi kwenye bodaboda.

Nyumbani nikieleza haya naambiwa, "Huko serikali inawalipa." Fedha za umma zipo, sikatai. Lakini mwaka 2002 bendi hii iliwaomba mashabiki walipe kabla albamu haijatengenezwa. Waliolipa waliwatazama studio kupitia intaneti, wakatoa maoni, kisha wakapata albamu yao. Albamu ya 2007, Alles wieder offen, ilitoka hivyo, bila kampuni ya muziki kuweka senti. Mwaka 2024 walitoa albamu ya Rampen, Bargeld akiwa na miaka 65.

Sasa nani anaujua mchango kuliko sisi? Kadi ya harusi inaingia WhatsApp, kamati inakukumbusha kila wiki, unatuma kwa simu hata kama mwezi umekaba. Ila mwanamuziki wetu tunamchangia akishalazwa, au akishakufa. Inaniuma sana. Watu mia wakitoa elfu kumi kumi, hiyo ni milioni ya kuingilia studio. Wachangiaji wasikilizishwe mazoezi, waseme wanachokiona. Atakayeanzisha kundi hilo la kuchangia aniunganishe, ya kwangu natuma siku hiyohiyo.