Aliyebofya Kisha Akasema

Ofisi nyingi za Nairobi hufunza usalama wa mtandao kwa mtindo mmoja: video ndefu mara moja kwa mwaka, maswali kumi, cheti, kisha barua pepe ya mtego, ya kitapeli ya kuigiza inayotumwa na ofisi yenyewe, ili ijulikane nani atabofya kiungo. Video hucheza upande mmoja wa skrini huku mhasibu akifunga hesabu za mwezi upande wa pili, na majibu ya maswali huzunguka kwenye kundi la WhatsApp kabla ya chakula cha mchana. Wakuu wakiona hivyo huamua kwamba wafanyakazi hawajali, basi wabanwe: atakayenaswa mara tatu apewe barua ya onyo.

Wanaobana wana hoja. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa 2017 kuhusu usalama wa mtandao unazitaka benki ziwafunze wafanyakazi wao, na mkaguzi akija huomba ushahidi, si maelezo. Tena pesa zikishatoka kwa RTGS, mfumo wa benki wa kuhamisha pesa papo hapo, kwenda akaunti ya tapeli, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Ila mfanyakazi anayelaumiwa hapa hajaeleweka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 19,500 wa hospitali zake kwa miezi minane, uliona kuwa waliopewa mafunzo baada ya kunaswa walipunguza kiwango cha kunaswa kwa wastani wa 1.7% tu kuliko wenzao wasiofunzwa. Wengi walifunga ukurasa wa somo kabla ya dakika moja kwisha. Kuongeza urefu wa video hakutibu hilo.

Takwimu inayostahili kusumbua vichwa imo katika ripoti ya Verizon, kampuni ya mawasiliano ya Marekani, ya 2024 kuhusu uvujaji wa data. Kwa wastani wa kati, mtu hubofya kiungo sekunde 21 baada ya kufungua barua ya hadaa, yaani ya kitapeli inayojifanya halali, na sekunde 28 baadaye ameshaandika taarifa zake. Hakuna kitengo cha TEHAMA kitakachowahi hapo. Katika majaribio yaliyochunguzwa, 20% ya wafanyakazi waliripoti barua hiyo. Kati ya waliobofya, ni 11% tu walioripoti. Yaani wakibofya watu ishirini, wawili hivi ndio wanaosema. Wengine hunyamaza, na nywila zao zimo mikononi mwa mtu mwingine. Sasa mtishie kwa barua ya onyo, uone kama atapiga simu kueleza alichofanya.

Ukimya huo una gharama ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ofisi itambue uvujaji wenye hatari kwa wahusika, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inadai shambulio liripotiwe ndani ya saa 24. Anayejua la kwanza kabisa ni yule aliyebofya.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni idadi ya wanaoripoti na dakika zilizopita kabla ya ripoti ya kwanza. Weka kitufe cha kuripoti ndani ya barua pepe yenyewe, na mtu ajibiwe siku hiyohiyo: ilikuwa hadaa au la, na asante. Asipojibiwa mara mbili, hataripoti tena. Yule anayepiga kelele kundini "jamani, msifungue hiyo" huonekana ameharibu jaribio, ilhali siku ya shambulio la kweli ndiye utakayemhitaji.

Idadi ya waliobofya peke yake hudanganya. Barua iliyojaa makosa ya tahajia itanasa wachache. Inayojifanya ya KRA, mamlaka ya kodi, wiki ya mwisho ya Juni, watu wakihangaika na ritani, itanasa wengi. Ndiyo maana mwaka 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kipimo cha ugumu wa barua za majaribio. Lakini ugumu usigeuke ukatili. Desemba 2020 GoDaddy, kampuni ya Marekani inayouza majina ya tovuti, iliwaahidi wafanyakazi bonasi ya dola 650 kwenye barua ya mtego, ikaishia kuomba radhi. Imani ikivunjika hivyo, hata tangazo halali la kitengo cha wafanyakazi huanza kupuuzwa.

Somo nalo lifuate kazi ya mtu, dakika tano kila mwezi. Mhasibu ajizoeze jambo moja hadi limwingie: msambazaji akituma akaunti mpya ya benki, apigiwe kwa nambari iliyo kwenye faili, kamwe si iliyo kwenye barua hiyo. Afisa wa ajira hufungua CV za wageni kutwa nzima, na kumwambia asifungue viambatisho ni kumwambia asifanye kazi. Mpe kompyuta iliyotengwa na mtandao wa malipo. Barua ya onyo ibaki kwa anayeruka utaratibu wa malipo, na impate pia bosi anayepiga simu Ijumaa jioni akisema, "Lipa kwanza, karatasi zitafuata."