Kazi zinazoingiliana kwenye ratiba: tuzikate vipande au tuzifunge kwa viungo?

Chukua mtaro wa mita 1,000. Wachimbaji wanakwenda mita 100 kwa siku, kikosi cha mabomba kinalaza mita 200 kwa siku. Ukipanga kwamba bomba la kwanza lisiguswe mpaka mtaro wote uchimbwe, unapata siku 15. Hakuna msimamizi atakayekubali. Mita 200 za mwanzo zikishakuwa wazi, mabomba yanaanza kushuka huku uchimbaji ukiendelea mbele. Swali ni namna ya kuiandika hali hiyo kwenye ratiba bila ratiba kusema uongo.

Mbinu ya njia nyeti, inayotafuta mlolongo wa kazi unaoamua urefu wa mradi mzima, iliyozaliwa mwaka 1957 kwenye ushirikiano wa DuPont na Remington Rand, ilijua uhusiano mmoja tu, mwisho kwa mwanzo: hii iishe, ile ianze. Mwaka 1961 John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza kazi zichorwe kama visanduku vilivyounganishwa kwa mistari, na katika muongo huohuo vikaongezwa viungo vya mwanzo kwa mwanzo (ile ianze hii ikishaanza) na mwisho kwa mwisho (ile iishe hii ikishaisha), pamoja na muda wa kusubiri kati yake. Programu za leo zimerithi vyote hivyo, na wapanga ratiba tangu hapo wamegawanyika: wengine hufunga kazi nzima kwa viungo hivyo, wengine huzikata vipande.

Wanaopenda viungo wana hoja nzito. Kazi mbili, mistari miwili, ukurasa unasomeka. Mwenye mradi anaona “uchimbaji” na “ulazaji”, si vipande ambavyo hata msimamizi havitambui. Bomba la kilomita 40 likikatwa vipande vya mita 200, kazi hizo mbili zinageuka 400 na viungo 598, na kila wiki mtu lazima aketi aingize maendeleo ya kila kimoja. Mara nyingi hataketi. Ratiba yenye maelezo tele ambayo haijaguswa kwa miezi miwili haina faida kwa yeyote.

Lakini tazama viungo hivyo vikifanya kazi. Mpanga ratiba anaandika: ulazaji uanze siku mbili baada ya uchimbaji kuanza. Basi. Programu inahesabu kwa utiifu: ulazaji unaanza siku ya pili ikiisha, unachukua siku tano, unakamilika siku ya saba ikiisha. Siku hiyo mtaro uliochimbwa ni mita 700, na mabomba yaliyolazwa ni mita 1,000. Mita 300 za bomba zimezikwa ndani ya ardhi ambayo hakuna aliyeichimba! Kwenye chati kila kitu kinapendeza, ndiyo maana kosa hili hupita mikononi mwa watu wengi bila kushtukiwa.

Dawa inayojulikana ni kuongeza kiungo cha pili: ulazaji usimalizike mpaka siku moja baada ya uchimbaji kwisha. Sasa mwisho ni siku ya 11, ambayo ni sahihi. Ila programu nyingi hudhani kazi haikatizwi katikati, kwa hiyo inausukuma mwanzo wa ulazaji mpaka siku ya sita ikiisha ili siku tano ziende mfululizo. Hapo ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu. Tuseme ujenzi wa chemba, wa siku sita, umefungwa kwenye mwanzo wa ulazaji, siku moja baadaye. Utakamilika siku ya 13. Sasa kikosi cha mabomba kipunguze kasi, kitumie siku saba badala ya tano: mwisho wake unabaki siku ya 11, mwanzo unarudi nyuma mpaka siku ya nne, na chemba zinakamilika siku ya 11. Kikosi kimezorota, mradi umefupika siku mbili. Mtafiti Jerome Wiest aliandika juu ya vituko vya namna hii mwaka 1981. Hesabu ya programu haina hitilafu. Tatizo ni kile tulichoiambia programu.

Ukikata mtaro vipande vitano, ugonjwa huo unatoweka. Kipande cha kwanza kinachimbwa siku mbili, kinalazwa siku moja, na kuendelea hivyo. Mwisho ni siku ya 11 ileile. Kinachojitokeza ni kikosi cha mabomba kukaa bure siku moja kati ya kila kipande na kinachofuata, yaani siku nne za ujira bila kazi. Hapa watetezi wa viungo wana haki ya kucheka: kwa mkandarasi, kungoja na kuanza siku ya sita ikiisha kunaweza kuwa busara kabisa. Lakini mtandao wa vipande unaionyesha gharama hiyo waziwazi, na uamuzi wa kusubiri unabaki kwa mtu. Katika viungo, programu imeamua kimyakimya.

Mimi naegemea vipande, kwa sababu moja hasa. Muda wa kusubiri unafaa kwa kitu kinachongojwa tu, kama zege kushika nguvu. Zile “siku mbili” za mtaro wetu hazikuwa za kungoja. Zilikuwa mita 200 za kuchimba. Wachimbaji wakikuta mwamba na kasi ikashuka nusu, siku mbili zitapita mtaro ukiwa na mita 100, na ratiba bado itaagiza mabomba yashuke. Ukaguzi wa ratiba wa hoja 14 unaotumiwa na wakala wa usimamizi wa mikataba wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani hutaka viungo vyenye muda wa kusubiri visizidi asilimia 5, na angalau asilimia 90 viwe vya mwisho kwa mwanzo. Viwango hivyo ni vikali mno kwa barabara au reli, ambako kila kazi hufuata nyingine kwa nyuma. Huko chati ya umbali na muda, yenye mita upande mmoja, siku upande mwingine na mstari kwa kila kikosi, huonyesha vizuri zaidi mahali vikosi viwili vitakapogongana. Shida yake ni kwamba ukihamia kwenye jengo lenye vyumba na mifumo mingi, chati hiyo haikufikishi mbali.

Kwa hiyo kwenye bomba la kilomita 40 nisingekata vipande 200. Ningekata pale penye mwamba, penye kivuko cha mto na penye kila chemba inayosubiriwa na kazi nyingine, kisha sehemu tambarare zilizobaki nizifunge kwa viungo viwiliviwili, mwanzo na mwisho, na kila muda wa kusubiri niuandikie pembeni ni mita ngapi.