Kadi ya Mchango na Ng'ombe Thelathini

Haya, kadi imefika. Si ya mazishi, hizo tumezoea. Si ya shule, ile huja yenyewe kila muhula na orodha ya rimu, ufagio na karatasi za chooni, utadhani mtoto anakwenda kufungua ofisi. Hii ina maandishi ya dhahabu na karatasi nzito kuliko kitambulisho cha taifa. Inaniomba mimi, mkazi wa Busia ya Uganda ninayenunua mafuta ya kupikia kwa kijiko, nichangie kwanjula, sherehe ya posa, ya kijana wa Mheshimiwa. Ahadi ya chini kabisa ni shilingi 50,000. Ya chini! Juu yake kuna Fedha, Dhahabu na Almasi, na mstari wa Almasi hauna kiasi, umeachwa wazi kwa watu wenye aibu.

Kijana mwenyewe anaendesha gari ambalo likipita mtaa wa Sofia hata waendesha boda wanazima pikipiki wapate kulisikia. Baba yake ana ghorofa Kampala. Mimi nina ndoo mbili na mtungi. Basi mimi ndiye nimchangie posa.

Sasa niseme wazi, maana mji huu una masikio kuliko watu: sijasema Mheshimiwa ni mwizi. Sikusema. Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu. Nimeuliza tu, tena kwa sauti ya chini, hela zile zimetoka wapi. Kuuliza si matusi. Kwa wengine naona ni uhaini.

Zamani hatukuulizana, tulijua. Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 wafungashe, maduka yakagawiwa. Mtu ambaye jana hakujua bei ya kiberiti leo yuko nyuma ya kaunta. Inasimuliwa kwamba mashati waliyauza kwa namba ya kola: imeandikwa 15, basi ni shilingi 15. Watu wakawapa jina, mafuta mingi. Lakini angalau mafuta mingi tulimwona akikabidhiwa ufunguo mchana kweupe. Wa leo analala na deni la kampeni, anaamka na ghorofa, na ukiuliza unaambiwa ni baraka.

Mweka hazina wa kamati alifika saa saba kasoro, wakati posho, ugali wetu, imeshapimwa kwa vichwa. Kijana mtanashati, suti ya kijivu, kitabu cha risiti chenye kaboni kwapani. Akaketi bila kuambiwa karibu.

"Mzee wangu, nimefuata ahadi."

"Ahadi ya nani, mwanangu?"

"Yako, mzee. Jina lako liko kwenye orodha."

Nani aliliweka? Hajui. Orodha hizi ni kama mafua. Nikamwambia sawa, nitachanga, ila anisaidie jambo moja dogo: familia hii utajiri wake ni wa biashara gani, nisije nikachangia nisichokijua. Kijana akajinyoosha kama anayejibu swali la katekisimu. "Mzee, ile ni familia ya wafugaji. Bibi yao aliacha Friesian thelathini. Ghorofa ile ni maziwa."

Ni maziwa.

Kama angesema ni madini, ningenyamaza, madini siyajui. Angesema ni kampuni ya ulinzi, ningenyamaza pia. Lakini mtu asije kwangu akataja ng'ombe. Nikageuza kadi upande usio na dhahabu, nikaomba kalamu yake.

Ghorofa ni bei gani? Akasema kwa fahari bilioni kumi, maana alidhani namsifu bosi wake. Nikaandika bilioni 10. Nikamwambia sasa tumpendelee Mheshimiwa. Ng'ombe wote thelathini wanakamuliwa, kila mmoja lita 20 kwa siku, hakuna mgonjwa, hakuna ndama anayenyonya. Hizo ni lita 600. Shambani tumlipe 1,200 kwa lita, bei ya siku njema. Jumla 720,000 kwa siku. Kijana akatabasamu. "Umeona, mzee?"

Nimeona. Sasa tuwalishe. Ng'ombe wa lita 20 haleti lita 20 kwa majani ya kando ya barabara. Anataka kilo sita hivi za chakula cha kununua kila siku, mbali na majani, chumvi na maji. Kilo ni elfu moja na zaidi, kwa hiyo thelathini hao wanatafuna karibu laki mbili kabla hujalipa mchungaji, mkamuaji, daktari na mtu wa kusafirisha madebe. Halafu dawa ya kupe. Ng'ombe mkubwa anataka kama lita 10 za maji ya dawa ili alowe kuanzia masikio hadi chini ya mkia. Bomba la mgongoni la lita 20 ni ng'ombe wawili, basi. Wenye haraka wananyunyiza bomba moja kwa ng'ombe sita, au wanazimua dawa idumu. Kupe anaonja tu, hafi, anazoea. Ndiyo maana kule Mbarara na Kiruhura kupe sasa wanaoga dawa wakirudi kunyonya, na ndigana, homa inayoletwa na kupe, inazoa kundi. Kwa hiyo nusu ya mapato ni gharama, tena hapo nimekuwa mpole. Inabaki 360,000.

Bilioni 10 gawanya kwa 360,000. Kijana akatoa simu. Siku 27,777. Gawanya kwa 365. Akanyamaza, akafuta, akapiga tena.

"Sabini na sita, mzee."

"Miaka. Mheshimiwa ana mingapi?"

"Arobaini na tisa."

Basi alianza kukamua miaka 27 kabla ya kuzaliwa. Na kwa miaka hiyo yote hakula, hakuvaa, hakumlipia mtoto ada, hakugawa sabuni wala chumvi wakati wa kampeni. Tumboni mwa mama yake, ndoo mkononi.

Hapo ningeacha. Lakini kijana akafanya kosa la kutetea. "Mzee, labda walikuwa wanatunza vizuri."

Vizuri! Nikavuta kiti. Ng'ombe anakamuliwa kama siku 305, halafu unamwachisha siku 60 apumzike kabla ya kuzaa. Usipomwachisha, kiwele hakipati kujijenga na mzao unaofuata unakamua machozi. Kwa thelathini, siku yoyote ile watano hivi wamekauka. Wanabaki 25. Mapato ni 600,000, nusu 300,000. Miaka? Akapiga mwenyewe, sikumlazimisha: 91. Ghorofa ilikamilika 2022. Rudi nyuma miaka 91, uko 1931, gavana wa Mwingereza yuko Entebbe anakunywa chai, na Mheshimiwa anamuuzia maziwa.

Tena lita 20 nimemkopesha tu. Friesian wa kwetu, jua hili na majani haya, akikupa 10 unamshukuru. Hata tukisema gharama nazo zishuke nusu, miaka inakuwa 182. Tuko 1840! Speke amefika chanzo cha Naili 1862, akakuta watu wameshakamua miaka 22, na huenda waliomkaribisha ni kamati hii hii, wakamwandikia Dhahabu.

Na bado sijataja karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia wilaya, soko la mifugo linafungwa, ng'ombe havuki barabara, ukitaka kuuza dume ulipe ada huwezi. Ng'ombe wa wanasiasa nadhani hawana midomo wala miguu, maana sijawahi kusikia wamekwama.

Kijana jasho lilimtoka. Nikampa maji.

Mnaona kwa nini wote ni wafugaji? Ng'ombe hana risiti. Ukisema duka, mtu wa kodi ataomba vitabu. Ukisema nyumba za kupanga, kuna kodi ya pango. Lakini ng'ombe leo thelathini, kesho wamezaa, keshokutwa wako kwa shemeji. Nani atakwenda porini kuwahesabu? Ila sisi wa milioni moja ya PDM, pesa ya serikali inayopitia parokia, ile ya utawala si ya kanisa, tunahesabiwa. Umeandikwa kwenye kikundi cha parokia, mpango wako umepitishwa, pesa imeingia kwenye simu, umenunua kuku. Kisha wanakuja kuhesabu kuku mmoja mmoja, na aliyekufa uonyeshe manyoya. Milioni moja ina wakaguzi wanne. Bilioni 10 ina bibi.

Sheria tunazo, msiseme hatuna. Sheria ya Maadili ya Uongozi iko tangu 2002: kiongozi anamtangazia IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, mali zake, madeni yake, za mwenzi wake, watoto wake na wanaomtegemea. Imeandikwa kabisa kwamba matamko hayo ni habari za umma, unaomba kwa fomu. Haya, omba. Lakini mtegemezi ni anayekutegemea, na mama mkwe wa Mheshimiwa hamtegemei mtu. Amekuwa tajiri ghafla akiwa na miaka 70, hajui kusoma, ana ekari na malori, na nasikia hata yeye anashangaa.

Ukipenda fuata ardhi. Ardhi ya mailo, ya kumiliki bila kikomo, utataka namba ya bloku na ploti. Ardhi ya kukodi utataka voliyumu na folio. Bila namba hizo, mbele ya karani wewe ni mtu anayezungumza tu. Ukiwa nazo unalipa, unapewa barua: mwenye hati ni nani, ukubwa gani, kuna mkopo wa benki au zuio. Barua inasema mwenyewe ni kampuni. Unakwenda kwenye daftari la makampuni, mwenye hisa ni kampuni nyingine, na mpwa aliyemaliza chuo majuzi. Sheria ya 2022 inataka kampuni zimtaje mnufaika halisi, yule mtu mwenye nyama na mifupa nyuma ya karatasi. Wamemtaja. Ni mama mkwe.

Na ule ukaguzi wa mtindo wa maisha, wa kupima mali ya mtu na mshahara wake? Desemba 2021 Rais mwenyewe alimshauri IGG auendee polepole, wala rushwa wasije wakashtuka wakaficha mali nje. Ni kweli, kuku hakamatwi kwa kumfukuza. Lakini huyu kuku tunamnyatia mpaka amejenga.

Mabati ya Karamoja, yale ya msaada kwa maskini yaliyoishia kwa wakubwa, yalikuwa afadhali, maana yalikuwa na mhuri wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwaka 2023 yakaonekana juu ya banda la mbuzi, yakasomeka kutoka barabarani. Ng'ombe hawa hawana mhuri popote, nimeangalia.

Mke wangu, ambaye muda wote alikuwa anajifanya anaosha vyombo, akauliza kama ni kweli kuna asilimia tano. Ni kweli, sheria ya 2010 ya kuwalinda wafichuaji: taarifa yako ikirudisha hela, unapewa 5%. Ya bilioni 10 ni milioni 500. Akasimama na sufuria mkononi. Milioni 500! Halafu akaketi polepole. "Na watu wakiuliza tumezipata wapi?"

Tukatazamana. Nikasema, "Tutasema ni ng'ombe."

Kijana hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kadi, akifuata hesabu kwa kidole, na nikadhani sasa ataniripoti. Kumbe alikuwa na lake. "Mzee, kwa kuwa unajua... mimi nina mtamba mmoja. Nimempandisha kwa mrija wa mbegu mara tatu, hashiki mimba."

Joto, ile hamu ya dume, unaliona saa ngapi? Asubuhi, akasema. Na mpandishaji unamwita saa ngapi? Asubuhi hiyo hiyo, awahi. Mwanangu, unamwaga hela. Akionyesha asubuhi, mpandishe jioni. Akionyesha jioni, kesho asubuhi. Tena umwangalie aliyesimama akapandwa na wenzake akatulia, huyo ndiye mwenye joto. Anayewapanda wengine huenda ana utundu tu. Tazama ute unaovutika kama yai bichi. Na huyo mpandishaji, mrija anautoa wapi?

"Mfukoni mwa shati, mzee. Anakuja na boda."

Mfukoni! Mbegu inakaa ndani ya naitrojeni, baridi ya kukata chuma, inatolewa pale pale zizini, inayeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ya joto la mwili kwa nusu dakika hivi, inatumika hapo hapo. Huyu anaileta juani kutoka Tororo, kifuani, pamoja na sigara zake. Umelipia mara tatu supu iliyochacha.

Kijana akaandika yote hayo kwenye kipande cha chini cha kadi, pale penye mstari wa ahadi, asubuhi jioni, jioni asubuhi, naitrojeni. Akakichana kwa uangalifu, akakitia mfuko wa ndani wa suti. Akaaga kwa heshima zote, akafika mlangoni, akarudi kuchukua kitabu cha risiti, akanitazama kama mtu aliyesahau kitu kingine asikikumbuke.

Nusu ya juu bado ipo, ile yenye dhahabu. Mke wangu ameifunikia bakuli la mukene, dagaa wetu wa ziwani, paka asiingie.